Usitoe Makochi Nje Siku ya Reiki

Kama unataka kujaribu tiba ya reiki kwa mara ya kwanza na unakaa Temeke, jambo la kwanza la kujua halimo kwenye video yoyote ya mtandaoni, na nimeziangalia nyingi. Usitoe makochi nje. Hata kama sebule yako ni ndogo, hata kama mtaalamu mwenyewe amekuomba umtengenezee nafasi, bananeni humo humo. Sukuma meza jikoni, simamisha kochi ukutani, fanya utakavyo, ila makochi yasionekane uani asubuhi ya Jumamosi. Mie niliyatoa, na kabla ya Alasiri mama yangu alikuwa ameshachimbiwa kaburi.

Nianze na mguu, maana bila mguu wa mama hakuna ambacho kingetokea. Mama ana sukari ya miaka mingi. Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti cha bafuni, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachubuka, na yeye kwa kawaida yake akapaka sijui mafuta gani, akafunga kitambaa, akanyamaza. Alipokuja kunionyesha, kidonda kilikuwa kimeshahamia kidole cha pili na kinatoa harufu. Nikampeleka hospitali kwa ugomvi. Daktari alimwambia waziwazi: vidole hivi vimeshakufa, mama, tukiviondoa wiki hii tutauokoa mguu, ukikaa nao nyumbani utarudi hapa tukukate kwenye goti, au usirudi kabisa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akachukua pochi yake, akatoka. Kwenye bajaji akasema maneno ambayo alinisimanga nayo wiki nzima.

"Niliumbwa kamili, nitarudi kamili."

Mdogo wake alikatwa mguu huko kwao Newala na hakumaliza mwaka. Mama alikuwa ameamua kwamba aliyemuua ni kisu, si ugonjwa. Nikambembeleza. Nikamkasirikia. Nikawapigia simu ndugu wa Newala waje wanisaidie kumshawishi, wakamwombea dua ndefu kwenye simu, wakakata. Kila asubuhi nilikuwa namfungua kitambaa kuona weusi umefika wapi, na yeye anatazama dirishani anasema kitunguu kimepanda bei. Haki ya Mungu, kuna siku nilitamani kumfunga kamba nimpeleke.

Ofisini kwetu, tunakoshughulikia nyaraka za mizigo ya bandarini, nina mwenzangu, dada mmoja wa Kilimanjaro anayekaa Kinondoni. Yeye ndiye aliyekuwa amejifunza reiki, tiba ya mikono ya Kijapani, kwa mwalimu aliyemfundisha kupitia simu. Alinieleza wakati wa chai. Mtu analala na nguo zake zote. Mganga ("Usiniite mganga, tafadhali," akasema) anaweka mikono juu ya mwili, au karibu na mwili bila kugusa, kuanzia kichwani kushuka miguuni, anakaa kidogo kila mahali. Nishati inapita. Nikamuuliza inapita kutoka wapi. Akasema iko kila mahali. Nikamuuliza kama inaponya sukari. Akasema hapana, na hapo ndipo nikaanza kumwamini.

"Inatuliza," akaniambia. "Mtu aliyejaa hofu anatulia, basi. Dawa zake aendelee kumeza, hospitali aende. Mtu akikwambia reiki inakausha kidonda, mkimbie."

Neno hofu ndilo lililonishika. Mama alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa haambiliki. Nikafikiri, akitulia japo saa moja, labda nitamwambia tena habari ya hospitali na safari hii litaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu yote. Sikuwa natafuta muujiza mie, nilikuwa natafuta masikio ya mama.

Kumshawishi mama hakukuwa kazi ndogo.

"Hiyo ya Wajapani," akauliza, "jini lake linataka nini?"

"Hakuna jini, mama."

"Ubani?"

"Hapana."

"Udi? Kuku mweupe? Kitambaa chekundu?"

"Mama, hakuna kitu. Unalala, yeye anaweka mikono."

Akafikiri sana. "Jini lisilotaka chochote mie silijui. Na kisu je?"

"Hakuna."

"Sindano?"

"Hakuna sindano wala kidonge."

"Mlete."

Ijumaa jioni yule dada akanipigia kunipa maelekezo. Anahitaji nafasi ya kumzunguka mgonjwa pande zote. Godoro chini litafaa, juu yake shuka jeupe, maana rangi nyingi zinasumbua macho. Pazia zifungwe. Redio izimwe, simu zizimwe, mlango ufungwe kwa komeo ili asiingie mtu ghafla akamshtua mama. Nikamwambia usijali, kila kitu kitakuwa tayari.

Sasa, makochi yangu niliyatengenezesha Keko. Fundi aliniapia yatapita mlangoni, hayakupita mpaka tukang'oa fremu. Yakiwa ndani, mtu mnene hazunguki. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, baada ya kugombana na mama kwa sababu ya kidonge alichokitema kwenye chai, nikaenda bafuni nikalia, nikanawa uso, nikatoka na macho mekundu kwenda kijiweni pale kona kuwaomba vijana wa bodaboda wanisaidie kutoa makochi.

Wakanitazama. Mmoja akazima singeli iliyokuwa inapiga kwenye spika yao. Wakaja wote.

Walibeba makochi yale kwa adabu ambayo sijawahi kuiona. Hakuna aliyepiga kelele za "zungusha, zungusha, we braza vipi". Mmoja alivua kofia mlangoni. Wakanisaidia hadi kutandika mkeka na kuweka godoro katikati, na nilipowapa hela ya soda wakakataa. Bodaboda wa Temeke wakatae hela! Mtu mwenye akili zake hapo angeshtuka. Mie nikasema moyoni, kumbe vijana wa siku hizi wamelelewa.

Na mtu wa Dar ataniuliza, we dada, hukujua? Nilijua. Kwetu kila mtu anajua: makochi yakitoka na mkeka ukaingia, nyumba hiyo imefiwa. Wanawake watakaa chini ndani, wanaume watakaa nje, na hakuna anayesubiri kuambiwa. Mie mwenyewe nimetoa makochi ya watu kwenye misiba mingi. Lakini siku hiyo nilikuwa na akili ya mguu tu, mambo mengine yote yalikuwa yamenitoka.

Yule dada akachelewa. Foleni ya kutoka Kinondoni unaijua. Nikafunga pazia, nikazima redio ya mama, ambayo mtaa mzima umezoea kuisikia tangu alfajiri. Nikazima simu. Mama akaoga, akavaa dera safi, akajilaza kwenye godoro kujaribu, akasema liko gumu.

Baada ya muda nikachungulia uani nikaona wazee watatu wameketi kwenye makochi yangu.

Nikapandwa na hasira. Watu wa Temeke bwana, ukitoa kochi kupata hewa wanakalia! Nikafungua mlango kidogo. "Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba tu tukae kimya jamani, kuna shughuli ndani."

"Tunaelewa, mwanangu. Jikaze." Wakainamisha vichwa.

Nikarudi ndani nikilalamika. Kidogo nikasikia mtu anagonga dirisha. Alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, muuza vitumbua, mwanamke ambaye habari za mtaa huu zinaanzia kwake. Amejifunga kanga mbili, moja kichwani.

"Nikusaidie nini, mwenzangu?" akasema kwa sauti ya chini.

"Kimya tu. Namsubiri mtu kutoka Kinondoni."

"Na watu wa Newala wameshaambiwa?"

"Nimewapigia. Wameomba dua."

Akanishika mkono kwenye nondo za dirisha, akaubana, akaondoka anafuta macho. Nikafurahi, nakwambia. Nikafikiri ugonjwa wa mama umewagusa watu.

Yule dada wa reiki akafika jua limeshapanda, amebeba begi lenye taulo, shali na chupa ya maji. Alipoingia akanong'ona, "Mtaa wako una watu wakarimu. Wamenipisha njia yote. Kuna mama amenipa na ndoo ya maji na sabuni mpya." Kweli, alikuwa ameibeba ndoo. Tukaiweka pembeni. Tukafunga komeo.

"Shikamoo mama," akamwambia mama.

"Marahaba mwanangu. Hao Wajapani wako wameshafika, au wanakuja wenyewe baadaye?"

Akacheka, akampanga. Alimlaza chali, mikono ubavuni, akamfunika shuka jeupe mpaka kifuani, akamwekea kitambaa cheupe kilichokunjwa juu ya macho. Kabla ya kuanza alimwuliza kama anaruhusu aguswe, na wapi asiguswe. Mama akasema kichwani sawa, tumboni sawa, kidonda asikiguse. Hilo nalo mgeni wa reiki alijue: kuombwa ruhusa ni haki yako, na mtu asiyeomba mwondoe hapo hapo.

Pia hakuna sheria inayokukataza kuongea. Mama aliitumia nafasi hiyo vizuri.

"Mwanangu, mikono yako ina moto. Una homa?"

"Hapana mama. Pumua tu."

"Napumua tangu nizaliwe." Mikono ikashuka. "Hapo tumboni panaunguruma, si nishati, ni maharage." Akainua kitambaa cha macho kidogo, akamtazama. "Umeolewa?"

Lakini taratibu maneno yakapungua. Mie nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kibao cha mbuzi, naona uso wake unalegea, kuanzia kwenye paji, halafu mdomo. Wiki nzima mdomo ule ulikuwa umekazwa dhidi yangu. Nikaona wivu, nakiri. Nimembembeleza siku zote hizo, anakuja mgeni wa Kinondoni ananyoosha mikono tu hewani, mama yangu analegea. Nikatamani kumwuliza, mie mikono yangu ina kasoro gani?

Pazia likacheza. Nikaona jicho la jirani muuza vitumbua kwenye upenyo. Aliona shuka jeupe, kitambaa usoni, na mwanamke asiyemjua amesimama juu ya mama ameinua viganja. Jicho likatoweka. Nje mtu akapiga ukelele, "Yallah!", ukazimwa kwa kanga.

"Sauti za nje tuziache zipite," yule dada akasema kwa upole.

Akafika miguuni. Harufu ya kidonda ilimpiga usoni, nikamwona anameza mate, lakini hakurudi nyuma. Akaweka mikono juu ya vile vidole, umbali wa kiganja, akatulia. Na hapo ndipo kipaza sauti cha msikiti kikakohoa.

Swala ilikuwa bado. Sote tunaijua ile sauti ya kabla ya tangazo. Mama, kitambaa kikiwa machoni, akasema zile dua anazosema kila akisikia msiba: "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Masikini ya Mungu, nani tena?"

Sauti ikatangaza kwamba tumeondokewa na mama yetu mpendwa, mwenyeji wa Newala, nyumba ya geti la kijani nyuma ya mashine ya kusaga.

"Newala," mama akasema. "Mtu wa kwetu. Mbona sijaambiwa?"

Marehemu alikuwa akisumbuliwa na mguu.

Mkono wa mama ukapapasa shuka kutafuta mguu.

Mazishi ni leo baada ya swala ya Alasiri, na vijana waliokwenda makaburini waongezewe maji ya kunywa.

Mama akatoa kitambaa machoni. Hakuniangalia mie. Alimwangalia yule dada, aliyekuwa bado amenyoosha mikono juu ya mguu, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimekufa?"

Na yule dada, Mungu ambariki, hakuacha ile sauti yake ya kazini. "Hapana mama. Umetulia tu."

"Khaa!" mama akasema, akainuka. Nikamkimbilia nimzuie asikanyagie kidonda, nimeshachelewa, amefika mlangoni anachechemea na shuka mabegani, ameshavuta komeo.

Sitakuelezea yote. Uani walikuwepo watu ambao hata kwenye harusi yangu hawakuja. Turubai limefungwa nusu. Masufuria yako jikoni kwa jirani, mchele unapetwa. Getini vijana wamesimama na jeneza la msikiti mabegani, ndio kwanza wanaingia. Mama akatokea mlangoni amevaa shuka jeupe, akasema, "Nani kasema nimekufa?"

Jeneza lilifika chini bila mtu kulishika. Mwanamke mmoja aliruka sinia la mchele, mwili mzima, nami nilikuwa nikimjua miaka yote kama mtu wa kusukumwa kwenye ngazi. Jirani muuza vitumbua hakukimbia. Alikaa chini pale pale anasema shahada kwa kasi, na mama akamwendea akamshika bega kumtuliza, akazidi kupiga kelele.

Ilichukua muda watu kurudi. Walirudi kwa mafungu, kwanza vijana, halafu wazee wakijifanya walikuwa wamekwenda kutawadha. Ikabidi nieleze. Nieleze nini? Reiki? Nilisimama pale mbele ya mtaa mzima nikisema Japani, mikono, nishati, na kila nilivyoeleza nikaona nyuso zinasema huyu mtoto amemfanyia mama yake mambo. Mwishowe mama akanikatisha.

"Nilikuwa nakandwa," akasema. "Kwa mbali."

Hilo wakalielewa. Mtu wa kwanza akacheka, halafu wote, kicheko cha watu waliopona, wengine hadi machozi. Mama akakaa kwenye kochi lake pale uani, mguu juu ya kigoda, akaletewa chai. Watu wanapita wanamshika mkono. Wanaume waliokwisha kulia wanakataa kwamba walilia. Alikuwa na furaha mama yangu, nakwambia ukweli, hajapata kupendwa hivyo.

Ndipo vijana wa makaburini wakaingia, udongo mwekundu mpaka magotini, wa mbele amebeba jembe. "Tayari," akasema. Halafu akamwona mama.

Kicheko kikafa chote.

Mzee anayesimamia mazishi msikitini akavua miwani akaifuta. "Limefika chini?"

"Limefika, mzee. Na mwanandani wa kumlaza tumeshachonga."

"Lah. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi."

Kila mtu anajua habari hiyo. Wanasema kaburi tupu huita mtu. Mmoja akashauri wangoje, pengine mtaani atapatikana mwenye haja nalo, na watu wakaanza kuangalia kwingine, na babu mmoja mwenye presha akaaga akaenda zake nyumbani. Mwingine akasema wafanye walivyofanya wazee: kata mgomba, uvike sanda, uzike. Mjadala ukawa mkali, mgomba wa nani, sanda ya nani, mgomba unaswaliwa au hauswaliwi. Mzee akasema kwa hasira mgomba hauswaliwi, akili zenu ziko wapi.

Mama alikuwa ameinama. Nilimwona anautazama mguu wake. Kitambaa kilikuwa kimetoka wakati anakimbilia mlangoni, na sasa kila aliyekaa karibu aliviona vile vidole. Weusi ulikuwa umeanza kugusa cha tatu. Asubuhi haukuwa umefika hapo.

"Mzee," mama akasema. "Mtu akikatwa kiungo, kiungo kinakwenda wapi?"

Mzee akamtazama. "Kinazikwa, mama. Ni sehemu ya mwili wa binadamu. Kinafungwa kitambaa safi, kinazikwa kwa heshima."

"Kwa hiyo hakipotei."

"Kitapoteaje? Kinakutangulia tu."

Mama akanywa chai yake yote. Akaweka kikombe. "Basi mgomba wa watu uacheni. Kaburi langu mmelichimba wenyewe, sikuwatuma, lakini mmetoka jasho. Nitawapa hivi." Akaonyesha vidole. "Vitangulie. Kilichobaki kitafuata siku yake." Kisha akanigeukia mie, kwa ukali kabisa, kana kwamba ni mie niliyekuwa namchelewesha wiki nzima. "Na wewe umesimama nini hapo? Si ulisema hospitali?"

Nililia mbele za watu kama mfiwa halisi. Yule dada wa reiki akanishika.

Tulikwenda na pikapu iliyokuwa imekodiwa kuwapeleka watu makaburini. Mama mbele na dereva, mie na yule dada nyuma na majirani waliokataa kushuka, maana walishajiandaa kusindikiza. Hospitali wakatuona tumejaa na kanga za msibani, muuguzi akasema pole kwanza ndipo akauliza marehemu yuko wapi, mama akanyoosha mkono akasema, "Ni mie, mwanangu, nimewahi."

Walimkata vidole vitatu jioni ile ile. Vitatu tu. Daktari aliniambia kama tungekaa siku chache zaidi asingekuwa na la kunisaidia chini ya goti. Vidole tukapewa vimefungwa vizuri, na wanaume wa mtaa wakaenda kuvizika. Sie wanawake hatwendi makaburini, nasimulia nilivyosimuliwa. Walivishusha katika kaburi la mtu mzima, la urefu wake kamili, kijana mmoja akaingia mwanandani kuvipokea kwa mikono miwili, na wakafukia lote mpaka juu, maana kaburi halifukiwi nusu. Waliporudi wakala ule wali.

Sasa nikwambie jambo la mwisho kuhusu reiki, kisha nikuache ukajaribu mwenyewe ukitaka.

Mama alirudi nyumbani, kidonda kikaanza kufunga vizuri, sukari ikashuka. Lakini vidole vile vilianza kumwasha. Vilivyozikwa. Alasiri moja alinipigia kelele nimkune kidole gumba, nikainama, nikakuta bendeji na hewa. Akakasirika kwamba simkuni. Daktari akasema ni kawaida, mishipa haijakubali. Akampa vidonge, vikasaidia kiasi.

"Mwite yule mtoto wa Kinondoni," mama akasema.

Akaja. Hakuuliza swali. Akakaa chini mwisho wa kitanda, akanyoosha mikono pale ambapo hapakuwa na kitu, na mama akashusha pumzi ndefu. Fikiria, dawa zote za dunia zinataka mwili wa kupakwa, hii haikujali. Lakini yeye ana kazi na anakaa mbali, hawezi kuja kila siku. Akanifundisha mie. Osha mikono, tulia, usilazimishe kitu, usiahidi kitu, usiondoe mikono kwa ghafla. Nilijiona mjinga mpaka masikio yakawa ya moto.

Siku ya kwanza nilipofanya peke yangu ilikuwa mchana, nyumba kimya, makochi yako ndani tumebanana. Nikakaa chini. Nikanyoosha mikono.

"Shusha kidogo," mama akasema. "Unashika hewa."

"Mama, huko kote ni hewa."

"Kidole gumba kiko chini zaidi. Njoo kwangu kidogo. Hapo. Hapo hapo, usitoke."

Nikabaki hapo. Mikono ikaanza kuwa mizito, na sijui kama nilisikia joto au nilikuwa nalitaka tu. Mama alikuwa anatazama dari. Katika mambo yote yale hakutoa chozi, si siku ya msiba wake, si hospitali, si alipofunguliwa bendeji akauona mguu ulivyo.

"Vilikuwa vizuri," akasema.

"Nini, mama?"

"Vidole vyangu. Marehemu baba yako alikuwaga akinipaka hina mwenyewe. Kimoja kimoja. Alikuwa hataki mtu mwingine ashike." Mdomo ukamcheza. "Vilikuwa vizuri sana, mwanangu."

Akaanza kulia, kwa sauti, anavililia. Nilitaka kuinuka nimkumbatie, lakini nilikuwa nimeambiwa mikono haiondolewi ghafla, kwa hiyo nikakaa pale pale chini, nalia naye, nimevishika.